Kwa Nini Eurwen Barua Huangukia Mbele

Kijiwe cha Cwm Hesgin ni benchi moja la mbao mbele ya dirisha la kahawa la Beti, pale kwenye maegesho ya msituni ambapo wenye baiskeli huanza kupanda mlima. Bonde zima lina majina ya ukoo manne, kwa hiyo mtu huitwa kwa kazi yake au kwa kilema chake. Emrys Mkate alioka mikate mpaka mgongo ukakataa. Tegwyn Nilishasema hakumbukwi kwa kazi yoyote. Eurwen Barua alisambaza barua za bonde hili miaka thelathini na mmoja, akastaafu mwezi wa tatu, akanunua baiskeli ya mlimani iliyokwisha tumika, na akatangaza mbele ya watu kwamba atashuka njia ya buluu, ile ya wasio mabingwa bado, toka juu hadi chini. Somo la kwanza, kwa baiskeli ya kukodi ya mwalimu Nerys, alishuka vizuri. Tangu aanze kupanda ya kwake ameanguka mara tatu, palepale kwenye ngazi ya mawe ya njia hiyo, na kila mara amerushwa kwa mbele kama kifurushi. Alhamisi hiyo alifika na plasta kidevuni, akaegemeza baiskeli ukutani, akaketi.

— Saa tano anakuja mtu kuinunua, alisema. Nimechoka.

Beti akamsukumia kikombe bila kuulizwa. Emrys alitikisa kichwa kwa huzuni ambayo Eurwen aliiona imepita kiasi. Huyu bwana hajapanda baiskeli tangu aote ndevu.

— Dada Eurwen, tatizo ni mwendo. Wewe unakwenda kasi. Mwenda pole hajikwai.

— Mwenda pole kwenye mawe ndiye anayejikwaa, Emrys. Gurudumu linakosa nguvu, linagota, linakaa. Nerys kasema uliache litembee.

— Nerys ana miaka ishirini na sita.

— Na hajaanguka.

Tegwyn alikohoa, na kikohozi chake huwa ni kibali cha kuanza.

— Mimi nilishasema. Umri. Samaki mkunje angali mbichi.

— Ningekuwa mkavu ningevunjika, mzee. Nimechubuka tu.

— Basi tueleze unavyofanya pale, hatua kwa hatua, alisema Emrys. Tukuchambue.

Eurwen hakutaka kuchambuliwa, ila alikuwa na dakika arobaini za kupoteza, na kahawa ilikuwa ya moto. Akaeleza. Anashusha siti ili isimsukume. Anasimama juu ya pedali, zote mbili usawa, hakuna iliyo juu wala chini. Magoti yamekunjwa, viwiko vimetanuka. Macho mbele, kule anakotaka kwenda, si kwenye jiwe analoliogopa, maana ukilitazama jiwe utalifuata. Kidole kimoja kwenye kila breki. Akikaribia ngazi anarudisha makalio nyuma, na anabana breki ya nyuma kwa upole, mkono wa kushoto, kama alivyofundishwa.

— Na halafu?

— Halafu naona mbingu.

Beti aliacha kufuta vikombe.

— Kichwa, alisema Emrys. Una kichwa kizito. Si matusi, bibie. Umesoma anwani za watu miaka thelathini, zote zimebaki humo. Dawa ni kufunga gunia la unga nyuma ya siti. Kilo kumi na mbili. Mizani ya duka, mbele na nyuma.

— Nishuke mlima na unga?

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Mimi nainama kupita kiasi, Emrys, ndiyo shida yenyewe!

Tegwyn alisogea ukingoni mwa benchi. Macho yalimng'aa.

— Ninyi mnazungumzia mtu. Zungumzieni mlima. Chini ya ile ngazi kuna nini? Mgodi. Handaki la zamani. Tangu wafunge mgodi ardhi inadidimia. Ramani inasema mteremko ni ule ule, lakini ramani ilichorwa lini? Mlima umeinama, jamaa. Unainama kila mwaka.

— Mbona watoto wa shule wanashuka kila Jumamosi? aliuliza Emrys.

— Wepesi. Na reli! Reli za magari ya makaa bado zimo chini. Chuma huvuta chuma. Gurudumu lake la mbele linavutwa.

— La nyuma je?

— La nyuma liko mbali na reli.

— Acha kamba, Tegwyn, alisema Beti kutoka dirishani.

— Akili ni nywele, na wewe Beti umefunga kitambaa.

Eurwen alicheka bila kupenda, kidevu kikamuuma. Alijua fika kwamba maneno haya hayamshushi mtu mlimani. Lakini alijua pia kwamba akiuza leo hatanunua tena. Miaka yote ile ameijua milango ya watu, mbwa wao, na kuta walizozijenga kuziba mandhari ya majirani. Mlima ulikuwa mgongoni mwake kila asubuhi, na hajawahi kuushuka wote. Kitu kimoja alichokitaka kwa ajili yake mwenyewe, na mwili wake umekikataa mara tatu.

Saa tano kasoro, gari dogo la kijani likaingia. Akashuka msichana wa miaka thelathini hivi, suruali ya mvua, nywele fupi. Alisema anaitwa Heledd, katoka bonde la pili, anataka kujifunza.

— Ndiyo hii? Nzuri. Kwa nini unaiuza?

— Inamtupa, alisema Emrys.

— Mlima unamtupa, alisema Tegwyn. Chuma.

Heledd aliishika baiskeli kwenye usukani, akaisukuma mbele kidogo, akawatazama wote watatu.

— Breki ya mbele ni ipi?

Emrys alimtazama Tegwyn. Tegwyn aliitazama kahawa yake. Dakika arobaini walikuwa wamejadili unga, makaa na uzee.

— Ya kulia, alisema Eurwen. Kama zote.

— Za huku, ndiyo. Uliinunua kwa nani?

— Kwa Mjerumani aliyepanga nyumba ya juu kule. Alikuwa anahama.

Eurwen aliinuka polepole. Aliinyanyua sehemu ya mbele, akalizungusha gurudumu kwa kiganja, akabana kwa kidole kimoja mkono wa kushoto, kwa upole, kama alivyofundishwa. Gurudumu likasimama papo hapo.

Kisha Emrys akasema taratibu kwamba Wajerumani ni watu wa ajabu.

— Kwao breki ya mbele huwa kushoto. Fundi anazibadilisha nusu saa tu, alisema Heledd.

— Sina nusu saa, alisema Eurwen, akavaa helmeti.

Mpaka juu ya ngazi ya mawe ni dakika kumi na tano za kusukuma na kuhema. Alisimama hapo akaivunja ile tabia kwa sauti: kulia ni nyuma, kulia ni nyuma. Akapanda. Pedali usawa. Macho kwenye msonobari ulio chini. Kidole cha kushoto kilimwasha, kikitaka kazi yake; akakinyoosha kabisa, hewani. Gurudumu la mbele likadondoka, makalio yakarudi nyuma, la pili likadondoka. Kwisha. Yalikuwa mawe manne tu.

Aliposimama mbele ya benchi, matope mpaka magotini, Heledd alikuwa bado amesimama na funguo za gari mkononi.

— Basi huiuzi.

— Siiuzi. Samahani kwa safari yako.

— Si kitu. Ila pale kwenye ngazi, mtu anaanzaje?

Emrys alivuta pumzi. Tegwyn alikohoa. Eurwen akawahi, akamsogezea baiskeli.

— Panda hapa kwenye tambarare kwanza, nikushikie. Na shusha siti.