Uongo wa Ijumaa wa Mwalimu Umejuaje

Marehemu aliagiza kwamba lolote litakalosomwa juu yake lisemwe pamoja na namna lilivyojulikana. Mdogo wake, anayesoma wasifu huu, ametii.

Alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa mama mshonaji na baba mpiga chapa. Shangazi anashikilia kuwa ilikuwa Jumatano, kwani ndiyo siku aliyokuwa akifua. Kadi ya kliniki inasema Ijumaa. Marehemu alimwambia shangazi hivyo usoni, akanuniwa mwaka mzima.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari, na mwaka 1978 akapata cheti cha ualimu. Vyeti tunavyo. Alipokuwa darasa la tano alitolewa nje kwa kumuuliza mwalimu wa jiografia amejuaje kuwa dunia ni duara. Hakuwa anabisha, alitaka kujua tu. Aliporudi ndani alirudi na swali lile lile.

Januari 1979 alianza kufundisha historia katika shule aliyoitumikia miaka thelathini, darasa la mwisho kwenye korido, lile lenye dirisha lisilofunga. Kila aliyejibu swali aliulizwa, "Umejuaje?" Ndipo jina likamganda.

Tarehe 6 Agosti 1983 aliolewa na fundi saa. Fundi alipomwambia anampenda, naye aliulizwa amejuaje. "Saa yako ilipona siku ya kwanza," alijibu. "Hizi mara tatu nyingine nilikuwa nailegeza mwenyewe, ili urudi." Marehemu alisema ushahidi huo unatosha.

Kuanzia 1998 aliweka uongo mmoja katika somo la kila Ijumaa. Kazi ya wanafunzi ilikuwa kuusaka na kuuleta Jumatatu, ushahidi mkononi. Uongo huo aliuandika waziwazi kwenye andalio la somo, na mkuu wa shule akalitia saini kila wiki kwa wino wake wa kijani.

Ijumaa, 13 Machi 2009, aliwaambia wanafunzi kuwa shule yao ilijengwa mwaka 1936. Jiwe la langoni linasema 1953. Jumatatu asubuhi, kabla ya kipindi, mkaguzi alifunua daftari la mwanafunzi, akakuta 1936, akawaka. Dakika kumi kabla alikuwa amepita kando ya jiwe lile lile. Mkuu wa shule alimruka marehemu mchana kweupe. "Mimi sijui kitu," alisema. "Huyu mama anajitungia tu." Tumejuaje? Karani alikuwa mle ofisini akipanga mafaili, na yupo hapa leo. Tarehe 20 marehemu aliachishwa kazi kwa barua iliyosema anafundisha uongo, na hakuna shule iliyomtaka tena. Alimwandikia mkuu mara nne akimwomba jambo moja: aseme mbele za watu alichokuwa akikijua. Hakujibiwa. Amekufa akilisubiri neno hilo. Sisi tuna hasira, na hatuoni kwa nini tuifiche.

Septemba 2022 figo zake zilianza kushindwa. Daktari aliyempa habari hiyo alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Alipoulizwa amejuaje, alikwenda maabara, akaleta majibu, akayapanga kitandani moja moja. Alipewa nane kwa kumi. Marehemu alifariki nyumbani Jumapili, 9 Juni 2024, saa nne asubuhi. Mdogo wake alikuwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, mdogo mmoja, shangazi ambaye bado yuko kwenye Jumatano yake, na wanafunzi wengi, ambao hapa wamejaa hadi getini.

Leo ni Ijumaa. Kama alivyozoea, katika kijitabu hiki tumeacha uongo mmoja. Uko ukurasa wa tatu, kwenye salamu za mkuu wa shule mstaafu, aliyeketi mstari wa mbele, pale panaposema marehemu "aliacha kazi kwa hiari yake." Ushahidi uko jalada la nyuma: andalio la tarehe 13 Machi, saini na wino wa kijani. Anayefuata kuzungumza kwenye ratiba ni yeye. Wanafunzi, swali mnalijua.

Mwalimu wetu, amani iwe yako, pumzika. Mkuu, karibu mbele.