Ziwa Likae Kushoto: Maisha ya Obedi Chenge Mayala, 1959–2026

Ndugu waombolezaji, wakubwa wote shikamooni. Walioko nje ya turubai wasogee ndani, maana marehemu alizoea kusema na mtu aliye karibu, nyuma yake kabisa. Wasifu huu umeandikwa upande wa binamu zake, na mila mnaijua: binamu asipomtania marehemu, watu watauliza walikosana nini.

Marehemu Obedi Chenge Mayala, ambaye barabara nzima ya Shinyanga ilimwita Ngosha, alizaliwa tarehe 12 Agosti 1959 hapa Usagara, mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Chenge Mayala na Bi Selina. Alizaliwa mdogo, akabaki mdogo. Ukoo huu unajulikana kwa watu warefu wenye vifua. Yeye alipewa miguu. Ila miguu ile, tuseme ukweli mbele ya jeneza, haikuwa na mpinzani kutoka hapa mpaka Igoma, ukimtoa binamu yake Masele, ambaye leo kakubali kukaa nafasi ya pili kwa sababu ya msiba tu.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1968, akamaliza darasa la saba 1974. Baiskeli aliijua kuliko hesabu. Ya baba yake ilikuwa kubwa, kwenye kiti hafiki, ikabidi apitishe mguu ndani ya fremu, mwili wote unaning'inia upande mmoja kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Mwalimu akamwambia siku moja atavunjika. Hakuvunjika. Alivunja uzio wa mwalimu.

Mwaka 1981 alinunua baiskeli yake mwenyewe, Foniksi, akafunga kigodoro kwenye keria, akaanza kubeba abiria kati ya Buhongwa na Usagara. Wengine walifuata nauli. Yeye alifuata maongezi. Anapanda kilima, pumzi inakata, jasho linamwingia machoni, bado anauliza kwa nyuma: "Enhe, halafu wifi yako akasemaje?" Kuna watu humu ndani siri zao zote zilipita kwenye mgongo wa Ngosha, na wanakaa kwa amani kwa sababu ameondoka nazo.

Mke wake alimpata palepale kwenye keria. Modesta alikuwa anapeleka nyanya Buhongwa, na Ngosha akawa anampitisha njia ya mzunguko, anadai kalavati limebomoka. Siku ya nne Modesta akamwambia, "Kaka, kalavati ni zima, nimelipita jana kwa miguu. Kama una neno sema tukiwa tunaenda, nyanya zangu zinaoza." Akasema. Walifunga ndoa tarehe 28 Septemba 1985, wakajaliwa watoto wawili, Luhende na Winnie. Tangu hapo Modesta alikaa kwenye kile kigodoro kama mama zetu wote wanavyokaa, upande, miguu yote kushoto, mkono mmoja umeshika shati la mume wake.

Bodaboda zilipojaa, abiria wakamwishia. Alishinda kijiweni na kigodoro chake, wanaomfahamu wanampungia mkono wakiwa juu ya pikipiki. Mwaka 2011 akapata kibarua cha kufyeka katika Hifadhi ya Bulunga, ule msitu wa mawe unaoteremka mpaka ziwani. Baadaye wageni na vijana wa mjini wakaanza kuja na baiskeli za tairi pana kutafuta njia za changarawe, wakawa wanapotea na kutokea kwenye mihogo ya watu, wanasalimia wakiwa na kofia za plastiki kichwani. Uongozi wa hifadhi ukamwomba Ngosha awatengenezee njia. Jumapili baada ya ibada alitoka na Modesta nyuma, kopo la rangi mapajani. Rangi ilitoka kwa rafiki yake Shiraz, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, aliyewapa makopo yaliyobonyea na kuwaambia wasiandike jina la duka kwenye mawe, ngedere hawanunui saruji. Zikatoka njia tatu: nyeupe, njano na nyekundu. Zote zilikwenda kwa kupitia nyuma ya milima, zikarudi kwa kufuata ufukwe, na zote zilirudi huku ziwa liko mkono wa kushoto.

Modesta alifariki tarehe 3 Machi 2016. Amelala pale ambapo leo tunamlaza mume wake.

Baada ya hapo Ngosha aliongoza wageni, na kwa nje alionekana mtu mwenye watu. Lakini msafara wa changarawe hauna maongezi. Kila mtu na baiskeli yake, kila mtu na pumzi yake. Kiongozi yuko mbele, wengine huko nyuma kwenye vumbi. Waliokwenda naye wanasema alikuwa anasema "enhe" peke yake kwenye vilima. Wakamwomba afungue kile kigodoro, ni uzito wa bure. Hakukifungua.

Mwaka 2021 kampuni moja ya utalii ikataka njia zigeuzwe: waanze na ufukwe asubuhi kukiwa na ubaridi, warudi kwa mlimani. Ngosha akakataa. Wakamwambia jioni jua linawapiga wageni kutoka majini. Akawajibu wavae kofia, si wanazo. Wakamuuliza sababu, akasema njia ndivyo ilivyo. Basi wakatafuta kiongozi mwingine. Yeye akaendelea peke yake kila Jumapili, kwa mwelekeo wake, na msafara ukawa unamkuta uso kwa uso. Anasogea pembeni, wanapita, kengele zinalia, vumbi linatulia, anapanda tena.

Jioni ya kila Jumapili alimpigia simu Winnie, ambaye ameolewa na kufanya kazi Mtwara. Kila mara alimwambia jambo moja: njoo ukae nyuma uone. Winnie akicheka, anasema, "Baba, mimi sasa hivi nina kilo themanini." Naye anajibu, "Mama yako nilimbeba na kopo la rangi. Nafasi ipo." Ikawa ni Pasaka, ikawa Krismasi, ikawa likizo ya watoto. Mtwara ni mbali, na kazi ni kazi. Hakuna wa kulaumiwa hapa.

Mwaka 2024 moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba, ile miguu. Daktari akamkataza baiskeli. Novemba mwaka jana akamwomba Masele ampeleke hifadhini nyuma ya ile Foniksi, na kwa sababu ya uvimbe hakuweza kupanua miguu, ikabidi akae upande, kama mama. Masele alimtania kutoka hapa mpaka getini, akamuuliza kanga yake iko wapi. Kisha akashika ufukwe moja kwa moja kama wale wa kampuni, njia fupi.

Hawakufika mbali. Ngosha akasema, "Geuza."

"Nigeuze niende wapi? Ziwa si hili hapa kulia?"

"Wewe unaliona. Mimi naona mawe na majani makavu. Anayekaa hivi anatazama kushoto. Geuza, Masele."

Masele akageuza. Akazunguka milima yote mitatu, na waliowahi kumwona akipanda wanajua ilikuwa kazi ya mwanaume. Walipoteremka ufukweni maji yakafunguka, visiwa, nyangenyange juu ya magugu maji, jua lote. Ngosha aliyatazama mpaka mwisho wa njia. Pale ndipo aliposema, "Mimi nilikuwa natazama changarawe, nisimwangushe mama Winnie. Yeye ndiye alikuwa ananisimulia ziwa." Halafu akasema, "Winnie akija, mpitishe hivi."

Alifariki usingizini nyumbani kwake, alfajiri ya Jumatano, tarehe 14 Januari 2026, akiwa na miaka sitini na sita.

Ameacha watoto wawili, Luhende na Winnie, wajukuu watano, dada yake Rose, rafiki yake Shiraz aliyekaa nasi tangu siku ya kwanza, na binamu wasio na adabu. Familia inawashukuru nyote.

Winnie aliingia jana kwa basi. Leo asubuhi ameomba jambo moja, na wazee wamelikubali. Tukishamaliza kuzika, kabla ya chakula, Masele atatoa ile Foniksi. Kigodoro kimekung'utwa. Watazunguka kwa nyuma ya milima, na kurudi kwa ufukwe.

Mwenyezi Mungu akupe pumziko la amani, Ngosha. Abiria wako amefika.