Fundi Mérilan Occénat, Aliyechelewa kwa Ajili ya Chokaa

Mérilan Occénat alizaliwa Ijumaa, tarehe 4 Mei 1951, Cavaillon, kusini mwa Haiti, mtoto wa pili wa Dorvil Occénat na Clémanie. Wa kwanza ni Anélus, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya.

Alianza shule ya mapadri mwaka 1959. Darasani Kikreoli kilikuwa marufuku, na aliyeponyokwa na neno la nyumbani alivishwa kibao shingoni hadi jioni. Mérilan alikivaa mara nyingi kuliko shati. Siku moja mwalimu alikitafuta asikione, akamkuta nyuma ya shule anasawazishia nacho udongo wa banda la kuku. Ukuta ule ulinyooka, na mwalimu hakumchapa. Oktoba 1963 kimbunga kilichukua nyumba na uhai wa baba, akazikwa kesho yake, na masomo ya Mérilan yakaishia hapo.

Alijifunza uashi, na kwa miaka hamsini na tisa alijenga makaburi. Enzi hizo kaburi lilikuwa kazi ya ushirika. Watu walipandisha mawe kutoka mtoni wakiimba, kombe la baharini likipulizwa, wenye msiba wakipika mtama na kunde. Aliyekufa jana alizikwa leo. Kisha watoto wetu wakaenda ng'ambo, na maiti zikajifunza kusubiri: wiki tatu, wiki tano kwenye barafu, mpaka mwenye tiketi afike. Kila Oktoba simu zilimjia kutoka kote duniani: "Fundi, mpake mama chokaa, siku ya wafu isimkute mchafu." Aliwapaka wote, hata wale ambao watoto wao walikuwa wameacha kupiga simu.

Aliishi na Vélina miaka mingi kabla ya kufunga ndoa kanisani, tarehe 28 Juni 1986. Mtoto wao wa pekee, Guerline, aliyekuwa na miaka miwili, alibeba mshumaa na kuuzima njiani mara tatu. Guerline aliondoka Desemba 2010 kwenda Brockton, Marekani, ambako anahudumia wazee wa watu wengine. Vélina alifariki katika tetemeko la Jumamosi, tarehe 14 Agosti 2021. Mérilan alimjengea kaburi peke yake na hakuruhusu mtu amshikie hata ndoo. Tangu hapo alikula amesimama.

Serikali ya Marekani, kila nchi yetu inapoungua, huwa na jibu jipya. Tumeshapewa meli za askari, tumeshapewa mchele uliowamaliza wakulima wetu wa mpunga. Mwaka 2023 jibu lilikuwa karatasi: aliye kule aweza kumdhamini wa huku, akaenda kwa ndege, kwa halali, akakaa miaka miwili. Guerline alijaza fomu. Ruhusa ya Mérilan ilitoka tarehe 21 Agosti 2024, ya siku tisini.

"Baba, njoo mwezi wa tisa," Guerline alimwambia kwenye simu. "Naël anakungoja. Ana miaka minane, anadhani babu ni sauti tu."

"Mwezi wa tisa mvua bado inanyesha. Chokaa haishiki. Nikiondoka nani atampaka mama yako?"

"Mpe mtu kazi hiyo."

"Mimi ndiye huyo mtu wanayempa kazi hiyo, mwanangu."

Mama Roséline, jirani anayeuza bajia za magimbi, alimsikia, akamkejeli mbele ya wateja: "Fundi, wafu hawana haraka. Ndege ndiyo yenye haraka."

"Ndege inarudi kila siku. Siku ya wafu ni mara moja kwa mwaka."

"Haya, ukibaki hapa utakula bajia zangu mpaka ufe."

"Hilo ndilo linaloniogopesha."

Juni ya mwaka ule polisi walikuwa wamewasili kutoka Kenya kupambana na magenge, naye alikuwa na imani. "Hawa wametoka mbali kuliko aliko Guerline, na wamefika," alisema. "Basi njia ipo."

Tarehe 2 Novemba kaburi la Vélina liling'aa kuliko yote. Tiketi yake ilikuwa ya tarehe 14. Tarehe 11 ndege zilipigwa risasi katika mji mkuu. Tarehe 12 serikali ya Marekani ikakataza ndege zake kuja kwetu. Ruhusa ikaisha akiwa ameketi juu ya sanduku la safari. Januari mlango wa karatasi ukafungwa kabisa, na Juni wakatangaza kwamba watu wetu wasiingie kwao. Hakulaumu mtu. Kaka yake alilaumu kwa niaba yake, na bado analaumu.

Aprili 2025 kiharusi kilimlaza, mkono wa mwiko ukafa kwanza. Guerline alitaka kuja. Lakini anaishi kule kwa kibali cha hifadhi ya muda, na akitoka hana hakika ya kurudi kwa mwanawe. Mérilan alimkatalia, maneno yakitoka nusu nusu: "Usije. Mimi nilichagua aliyekufa. Wewe chagua aliye hai."

Kwa kaka yake aliagiza: "Msiniweke kwenye barafu. Nizikeni kama alivyozikwa baba."

Alifariki Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 2025, saa kumi alasiri, akiwa na miaka sabini na minne. Jioni ile Guerline alipiga simu na kuomba asubiriwe, hata miezi mitatu, huenda sheria zikabadilika. Anélus alimfikishia agizo la baba yake. Guerline akasema: "Sawa, baba mkubwa. Nipigie mkiwa kanisani niwasikie. Ila usome polepole. Ukimaliza watamtoa kumzika, nami sitakuwa na baba wa kumpigia."

Ndiyo maana wasifu huu umesomwa polepole.

Marehemu ameacha binti, Guerline, mjukuu, Naël, ambaye hakuwahi kumshika mkono, kaka, Anélus, na jirani, Mama Roséline, aliyemlisha miezi sita.

Udongo wa Cavaillon umpokee leo leo, na Mungu ampe utulivu.