Mafundi wa Nuhu Walizama

Benchi la kijiweni lina miguu minne. Mitatu aliitengeneza Randa, seremala mwenye karakana pale pale kando. Wa nne aliuweka mdogo wake, na ndio pekee usioyumba, jambo ambalo Randa hapendi kukumbushwa. Asubuhi hiyo kahawa ilimkaa vibaya mdomoni. Ng'ambo ya barabara, mdogo wake aliyefundishwa naye kushika msumeno alikuwa akigongelea jukwaa la kwaya ya kanisa. Kazi hiyo Randa aliiota mwaka mzima. Wivu ulimtafuna mpaka ukucha.

— Watu wa Nuhu walionywa, akasema Randa. Wakacheka. Maji yakawatia adabu.

— Walionywa kwa maneno matupu, akadakia Wakili, mshona viatu ambaye mahakama ameiona kwa nje tu. Hakuna karatasi, hakuna sahihi. Kesi hiyo ningeshinda.

— Ungeshinda huku umezama, akasema Kinyozi.

— Na mafundi je? akauliza Wakili. Safina kubwa vile, mzee hakujenga na wanawe tu. Maseremala walipigilia misumari, wakarudi kwao kuzama.

— Seremala akiwa kazini hasikii, ana kelele za nyundo, akasema Kinyozi. Lakini mke wa Lutu mimi namwelewa. Aligeuka kuangalia kama jirani katoka na vyombo vingi kuliko yeye.

— Kwa hiyo aligeuka chumvi kwa wivu? akauliza Randa, bila kumtazama mtu.

— Wivu mtupu, akajibu Kinyozi. Hata samaki wa Yona alionywa asimeze wahubiri. Akajifanya kiziwi, akaumwa tumbo siku tatu.

Wakacheka. Randa akacheka kuwazidi.

— Walistahili wote. Anayepuuza onyo asitulilie.

Akatupa jicho ng'ambo. Jana alipita kule, akabonyeza ubao kwa ukucha, ukatoa maji. Mbao mbichi. Dogo kauziwa akiwa na haraka, hakuona. Zikikauka zitapinda, misumari italegea, na jukwaa litashuka na wanakwaya wote. Randa alisema, “Kazi nzuri,” akaenda zake akiwa na furaha aliyoionea aibu.

Mke wa mdogo wake akavuka barabara na birika, kuchukua kahawa ya mumewe. Ni yeye anayeongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya.

— Shikamoo shemeji.

— Marahaba.

— Mwenzangu hana raha. Anasema mbao ni nzito kuliko kawaida. Nikamwambia aache wasiwasi, kaka yake alizigusa jana kwa mkono wake, na ndiye mwalimu wake. Angeona kasoro angesema. Si ungesema, shemeji?

Kinyozi akamgeukia Randa. Wakili, ambaye hajawahi kukosa la kumtetea mtu, akainama kutafuta sindano yake chini ya benchi. Randa akafungua mdomo. Shemeji yake alisimama na birika lake, akisubiri, na ng'ambo nyundo ilikuwa bado inagonga.