Dancun Randu Masha, Mpeleka Mikate wa Magongo, 1984–2025

Marehemu Dancun Randu Masha alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 hapa Vitengeni, katika nyumba ambayo msingi wake bado mnauona nyuma ya zizi la mbuzi. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Masha Jefwa na Mama Mbodze, ambaye tunamshukuru Mungu yuko nasi leo. Mimi ninayesoma ni kaka yake mkubwa, Gedion Jefwa. Si mtu wa kusema mbele za watu, kwa hivyo nitasoma kama nilivyoandika.

Wengi wenu mmesikia kwamba Dancun alikufa kwa sababu alikataa kupisha lori. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kituo cha polisi. Mjane wake, Winfred Sidi, ameniomba niandike hapa sababu ya ndugu yangu kutoteremka barabarani siku ile, ili watoto wake nao wawe na karatasi ya kuonyesha. Nitaieleza ikifika mahali pake. Kwanza maisha yake.

Marehemu alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1991 na akamaliza darasa la nane mwaka 1998. Alama za kuendelea alizipata, lakini baba alikuwa ameshaanza kuugua, na elimu yetu sote wawili ikaishia hapo. Alipokuwa darasa la tano, mwalimu mkuu alimwambia afute vumbi baiskeli yake. Ilikuwa baiskeli nyeusi, kubwa, ya wanaume. Dancun aliifuta, kisha akaichukua mpaka kisimani akiwa amepitisha mguu mmoja ndani ya fremu, kwa sababu juu alikuwa hafiki. Mwalimu alimfuata kwa miguu na fimbo mkononi. Alipomwona anavyokata kona bila kuanguka, aliishusha ile fimbo, na toka hapo Dancun ndiye aliyekuwa akitumwa kila Ijumaa kuchukua chaki. Mama alikuwa akisema, "Huyu nilimzaa na miguu, sijui imekwenda wapi."

Alikwenda Mombasa Februari 2003, akakaa kwangu Magongo. Alibeba mizigo kwa miaka mitatu. Tarehe 5 Juni 2006 aliajiriwa na bekari moja ya Changamwe kupeleka mikate madukani kwa baiskeli, na kazi hiyo aliifanya karibu miaka kumi na tisa. Msimamizi wake, Bwana Bramwel, yuko hapa na wenzake. Aliniambia kwamba Dancun alikuwa akifunga sanduku la bati kwenye keria kwa mipira ya tyubu, mafundo sita, na hakubali mtu mwingine amfungie. Mikate themanini safari ya kwanza, sitini safari ya pili. Mkate ukibonyea dukani hawaupokei, na wake ulikuwa ukifika kama ulivyotoka.

Wasiobeba mzigo kwa baiskeli huenda hawaijui shida ya barabara ile. Lami imelika pembeni. Ukitoka juu yake unashuka kama unashuka ngazi, halafu chini ni mchanga na mawe. Mtu mwenye sanduku zito nyuma akishuka kwa ghafla, gurudumu la mbele linanyanyuka na mzigo unamvuta chali. Kwa hivyo kila anapopigiwa honi ni lazima asimame, ateremke, aisukume baiskeli pembeni, gari lipite, kisha aipandishe tena. Kutoka bekari mpaka Mikindani Dancun aliteremka mara kumi na tano, mara ishirini. Alikuwa akizihesabu. Jioni akifika nyumbani mkewe anamuuliza, "Leo ngapi?" naye anamjibu, "Leo wamenihurumia, kumi na mbili."

Mimi ni dereva wa lori toka mwaka 2011. Nachukua mizigo bandarini na kuipeleka maghala ya Miritini, kwa barabara ileile. Sitaficha jinsi tunavyoongea sisi madereva tunapokunywa chai. Watu wa baiskeli tunawaita nzi. Tunasema hawana leseni, hawalipii barabara, hawana vioo, na wakiguswa kidogo tu mtaa mzima unatoka na mawe. Wao nao wanapiga ubavu wa lori kwa kofi na kutuuliza kama lami tulirithi kwa baba zetu. Mimi pia nilikuwa nikipiga honi ndefu na kupita. Nilijua atateremka. Wote wanateremka.

Jumapili moja, Juni 2018, Dancun alikuja kwangu kula na bandeji kwenye kiwiko.

"Jana kuna mmoja kanitia mtaroni," akasema. "Mikate yote chini. Mbuzi wa Magongo wamefungua kinywa kwa mkate wa maziwa."

"Uliona namba ya gari?" nikamuuliza.

"Namba nitaionaje na niko kifudifudi? Nimeona nyuma tu. Kichwa cha bluu, tela lina turubai la kijani limeshonwa kwa kamba nyeupe."

Nikaacha kula. Lori hilo nilikuwa nimepewa wiki ile, na ile kamba nyeupe niliishona mimi.

"Saa ngapi?"

"Saa mbili hivi, pale kwenye kona ya duka la Salha. Mbona, wamjua?"

"Dancun, huyo ni mimi."

Aliniangalia, kisha akamgeukia mama, aliyekuwa amekuja kututembelea. "Mama, umesikia? Mwanao mkubwa anataka nyumba abaki nayo peke yake." Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Dancun naye alicheka. Mimi sikuweza.

Siku hiyo tulipatana. Nilimwambia, "Nikiwa nyuma yako nitapiga honi tatu fupi. Ukisikia tatu fupi usiteremke. Kaa palepale kwenye lami, mimi nitakuzunguka." Akasema, "Na mimi nitakuinulia mkono ujue nimekusikia. Nyuma siangalii, nikigeuka sanduku linayumba." Tulifanya hivyo karibu miaka saba, pengine mara mbili kwa wiki. Alifurahi sana. Wenye maduka wameniambia alikuwa akiwasimulia kwamba barabara nzima ile kuna lori moja tu linalomzunguka yeye. Akisikia honi zangu aliinua mkono wa kushoto, kiganja wazi, akaendelea kukanyaga pedali zake taratibu, nami nangoja upande wa pili upate nafasi. Madereva waliokuwa nyuma yangu walinitukana. Sikujali.

Marehemu alifunga ndoa na Winfred Sidi tarehe 12 Desemba 2009 katika kanisa letu la Mikindani. Sidi alikuwa akishona nguo kibanda cha jirani na duka alilokuwa akipeleka mikate. Asubuhi ya harusi Bwana Bramwel alimwambia apumzike, lakini Dancun alisema wateja hawaolewi, wanataka chai. Alimaliza safari ya kwanza, akaoga, akafika kanisani saa nne kasoro dakika tano. Sidi anasema mpaka leo akisikia harufu ya mkate wa moto anaikumbuka shela yake. Walijaliwa watoto watatu. Alikuwa baba mpole, asiyepandisha sauti, na Jumapili mchana aliwapandisha wote watatu kwenye baiskeli na kuwatembeza uwanjani, mmoja mbele na wawili nyuma, mahali pasipo na gari.

Jumatatu tarehe 10 Machi 2025, saa moja kasorobo asubuhi, marehemu alikuwa akipita Magongo na mikate ya safari ya kwanza. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya bandarini nikingoja kupakiwa. Nyuma yake lilikuja lori lingine. Dereva wake alipiga honi mara tatu, fupi. Bi Salha, mwenye duka la pale kwenye kona, alikuwa akifungua milango. Alisema Dancun aliinua mkono, hakugeuka, akakaa palepale kwenye lami. Mbele kulikuwa na gari linakuja. Lori halikuwa na pa kuzungukia, na lilikuwa limeshakaribia mno.

Dereva yule hakukimbia. Alijipeleka mwenyewe kituoni. Sijamchukia. Najua alichokuwa akifikiri, kwa kuwa nimekifikiri miaka mingi: huyu atateremka tu. Alieleza kwamba alimpigia honi tatu, na mwendesha baiskeli akamnyanyulia mkono kama anayemfukuza, akakataa kupisha. Ndivyo trafiki alivyoandika kwenye daftari la matukio. Bi Salha alikwenda kutoa ushahidi, akitaka kumtetea. Alirudi analia. Aliniambia, "Wallahi Gedion, nimesema kweli tupu, na kila nililosema limemlalia Dancun. Wameniuliza aliinua mkono? Nikasema ndiyo. Aliteremka? Nikasema la. Basi, wakafunga daftari."

Marehemu alilazwa hospitali ya kisiwani Mombasa siku kumi. Madaktari na wauguzi walijitahidi na tunawashukuru. Siku ya tano, tarehe 14 Machi, siku aliyotimiza miaka arobaini na moja, alifungua macho. Sidi alikuwa ameteremka kununua maji. Tulikuwa wawili tu.

Akaniita, "Kaka."

"Niko hapa."

"Leo mbona hukunizunguka?"

Nikamwambia, "Haikuwa mimi, Dancun."

"Lilipiga tatu."

"Lilipiga tatu, lakini haikuwa mimi. Mimi nilikuwa bandarini."

Akasema, "Hata mimi nilishangaa. Wewe huwa hukaribii hivyo." Nilimwambia mara nyingine kwamba haikuwa mimi. Akafunga macho. Sijui kama alinisadiki. Hakusema neno tena. Alifariki Alhamisi tarehe 20 Machi 2025, saa tisa alasiri, mkewe akiwa amemshika mguu, kwa maana mikono ilikuwa na mipira ya dawa.

Nilikwenda kituoni mara tatu kuomba maneno yale yabadilishwe. Mara ya kwanza waliniambia nirudi. Mara ya pili afisa mwenye faili alikuwa mahakamani. Mara ya tatu nilimkuta, nikamweleza habari ya honi na mkono. Alinisikiliza vizuri, na mimi sina la kumlaumu. Akasema, "Mzee, pole sana. Lakini unataka niandike kwamba marehemu alidhani lori ni kaka yake? Hilo nitaliweka wapi? Honi ilipigwa, ilipigwa. Alipisha? Hakupisha." Nilisimama pale mpaka akanyanyua simu.

Tulipokaa kupanga mazishi, wazee walinishauri niandike kwamba alifariki kwa ajali ya barabarani, basi. Walisema nikieleza zaidi nitajiweka mimi mwenyewe chini ya lawama. Niliwaheshimu, nikaandika hivyo. Sidi aliposomewa ile karatasi, aliniita kando. Akasema, "Shemeji, mwanangu Masha ameshaulizwa shuleni. Ameambiwa babako alikuwa mjeuri, alishindana na lori. Kesho ataulizwa mdogo wake, Cheryl. Mimi nitaulizwa mpaka nizeeke. Polisi wameandika, na wewe uliyemsikia unataka kunyamaza?"

Nikamwambia, "Nikisema nitaonekana ndiye niliyemuua."

Hakunibembeleza. Alisema, "Liandike. Hata mimi bado sijui nikuone vipi. Lakini liandike."

Kwa hivyo naandika. Dancun Randu Masha hakukataa kumpisha mtu. Kwa miaka kumi na tisa aliteremka kwa kila aliyempigia honi isipokuwa mimi, mvua na jua, na mzigo mgongoni mwa baiskeli. Siku ile hakuteremka kwa sababu mimi, kaka yake, nilimwambia akisikia honi tatu fupi asiteremke. Sikufikiria kwamba mtu mwingine yeyote anaweza kupiga tatu. Mkono ule haukuwa wa jeuri. Alikuwa ananisalimia mimi. Mwanangu Masha, ukiulizwa tena, wape karatasi hii wasome, na wakitaka kuuliza zaidi waambie waje kwangu.

Madereva wenzangu mliokuja na basi kutoka Changamwe, nawashukuru kwa kuchimba kaburi. Sina mamlaka ya kumfundisha mtu. Nawaomba tu mkimwona mtu wa baiskeli mbele yenu, mguse breki kabla ya kugusa honi. Nilirudisha funguo za lori wiki iliyopita. Tajiri alisema nitapoa na nitarudi. Huenda. Sasa hivi mkono wangu ukifika kwenye honi unakataa.

Marehemu ameacha mjane, Winfred Sidi. Watoto watatu, Masha Randu, Cheryl Mbodze na Kazungu Randu. Mama yake mzazi, Mama Mbodze. Kaka mmoja, ambaye ni mimi. Dada wawili, Dama na Kadzo. Wajomba, shangazi, wapwa, wafanyakazi wenzake wa bekari, waumini wa kanisa la Mikindani, na wenye maduka arobaini na moja kuanzia Changamwe mpaka Mikindani. Baadhi yao leo wamefunga maduka ili wawe hapa.

Ndugu yangu Dancun, Mungu akulaze mahali palipo pako, ambapo hakuna atakayekuja nyuma yako kukuambia uteremke.