Aliyewatoa Madaktari Wanaotabasamu

Asubuhi ile, kwenye benchi nje ya kibanda cha kinyozi, pale Kisigino anaposhonea viatu, kahawa ilimiminwa na hakuna aliyeigusa. Wote waliinamia simu yake kuukuu. Wiki nzima ilikuwa imeikataa programu ya zahanati, ile ya kuchukulia namba ya foleni, eti nafasi haitoshi. Kitu kikubwa mle ndani kilikuwa kimoja tu: video ya marehemu mkewe akicheka mpaka kitambaa cha kichwa kinamdondoka. Presha ilimtesa Kisigino, lakini kuifuta video hiyo aligoma katakata. Leo programu hiyo imetoka upya, nyepesi.

— Imeingia, alisema taratibu. Na mama watoto yumo.

— Hiyo wameikamua maji, alisema kinyozi, waliyembandika jina la Waziri kwa kuwa hakosi jibu.

— Maji ya nini kwenye simu? aliuliza Fyuzi, fundi umeme. Wameikunja tu. Ukibonyeza inajikunjua, ukitoka inajikunja. Tena inafunguka upesi, hata kupepesa hujapepesa.

— Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

— Mbona hii inakimbia, Waziri?

— Ndiyo maana haijikwai.

Kisigino akawasomea tangazo: wameondoa picha kubwa za madaktari wanaotabasamu.

— Hao hata kule zahanati sijawahi kuwaona, alisema Fyuzi.

— Wangeonekanaje, na wote walikuwa humu? alisema Waziri. Madaktari wazima, na meno yao yote, ndani ya kisimu hiki. Ndio waliokuwa wakikufinya, Kisigino.

Akaupangusa mkasi wake kwa kitambaa.

— Lakini aliyewatoa ni fundi, nampa heshima yake. Kunyoa kila mtu ananyoa. Kujua ziachwe nywele zipi, hapo ndipo kazi ilipo.

— Huyo fundi kweli, alisema Kisigino. Angesema tununue simu mpya, nani angemuuliza?

Mama mmoja aliyefuata viatu vya mwanawe alikuwa amesimama anasikiliza.

— Samahanini wazee, huyo mnayemsifu anaitwa nani?

Fyuzi akamtazama Waziri. Waziri akachukua kikombe, akanywa kahawa iliyokwisha kupoa.

Kisigino alichukua namba yake ya foleni. Kisha akafungua video, na mkewe akacheka pale benchini kama zamani.

— Hatumjui, mwanangu, alimwambia yule mama. Ila ukikutana naye, mwambie alete viatu vyake.