Sista Immaculate Kavumbi, Aliyesikiliza Mioyo ya Mabinti wa Nyika

Tarehe 30 Juni 1998, baada ya miaka ishirini na saba ya uuguzi, Sista Immaculate Kavumbi anastaafu. Kazi ya kuandika habari zake nimepewa mimi, Kombe, dereva wa kituo cha afya cha Ukunda. Wenye digrii wamesema hawana nafasi. Ukweli ni kwamba mwenye maneno hapa ni mimi. Nimefika Bombei kwa meli na Kampala kwa lori, na shule niliiacha darasa la sita baada ya kuona imeishiwa. Lakini leo kalamu ni nzito.

Alitoka Mwingi, huko bara, akiwa msichana, akapangiwa wodi ya wazazi hapa pwani. Huko aliona jambo lililomnyima raha: wanawake wadogo wanajifungua salama, kisha wanakosa pumzi na kufa. Madaktari wa siku hizo waliandika upungufu wa damu. Majumbani walisema pepo. Moyo, ilisemekana, ni ugonjwa wa wanaume wenye vitambi na magari. Sista hakuridhika. Akawa anakwenda matangani kuwauliza mama za marehemu, na wengi walijibu neno moja: huyu utotoni aliumwa koo, kisha magoti yakavimba. Ndipo akang'amua kwamba ugonjwa ule wa koo huteremka hadi moyoni, na kila ukirudi huuharibu zaidi.

Hapo ndipo Land Rover yangu ilipoingia katika historia ya tiba. Tulizunguka shule kwa shule, yeye akisikiliza vifua vya watoto. Siku moja alinitia masikioni mipira yake ya kusikilizia moyo ili nami nijue. Moyo ulioharibika hauendi du-du, du-du. Unavuta mguu kama mtu aliyekatikiwa na kandambili. Mkwiro ni kisiwani, gari halifiki, tukapanda mashua, nami msafiri wa Bombei nikatapika njia nzima. Aliniahidi hatamwambia mtu. Amewaambia wote.

Samburu, ile ya huku pwani kwenye njia ya Voi, ndiko kulikokuwa na kazi. Wasichana wagonjwa walikuwa wakichezeshwa ngoma ya pepo mpaka waanguke, na moyo mbovu hauhimili hayo. Wapo wenzetu waliotaka chifu aipige marufuku. Sista alikataa. Alivua viatu, akamwamkia mganga, Mama Kahaso, akaketi mkekani na kuomba kitu kimoja tu: kila mgonjwa asikilizwe moyo kwanza, ngoma ije baadaye. Mama Kahaso alimkazia macho mpaka nikaanza kupapasa ufunguo wa gari.

"Pepo wangu hana haraka, mwanangu," akasema. "Moyo ndio wenye haraka. Anza wewe."

Kwa makubaliano yale, mabinti wengi wako hai leo kwa sindano ya penisilini ya kila mwezi. Utafiti huo wa Sista ulisomwa Nairobi na madaktari wawili wanaume, tai shingoni. Jina la Sista lilikuja mwisho kabisa, kwenye shukrani, sambamba na langu. Mimi nilifurahi, maana mchango wangu ulikuwa usukani. Yeye alicheka kidogo, na njiani kurudi, tulipopita Voi, akaanza kuhesabu sindano za mwezi ujao.

Alikusudia kustaafu hapa hapa Ukunda, aje kila Jumanne asikilize mioyo bila malipo. Agosti mwaka jana, katika zile ghasia za kuwafukuza wageni, nyumba yake ilichomwa, kama za wengi walioitwa watu wa bara. Hapo sina mzaha. Nilimpeleka kanisani akalale, ana kanga mbili tu mkononi. Sasa anarudi Mwingi. Na mwanafunzi wake pekee, Sista Monicah, naye aliomba uhamisho, kwa kuwa mama yake huko Machakos hapati usingizi kwa kumhofia. Wale mabinti wangebaki bila mtu, na atakayekosa sindano, koo moja tu linaweza kummaliza.

Jumanne iliyopita Sista hakumsihi Monicah abaki. Alimwachia kiti, akatoka na kuketi benchini kati ya wagonjwa. Monicah alimsikiliza binti wa kwanza, kisha akachungulia mlangoni na kumwomba mkubwa wake aingie kuhakikisha. Sista hakuinuka.

"Umesikia nini?"

"Unavuta mguu, Sista."

"Basi ndivyo ulivyo. Mchome sindano, wengine wanangoja."

Jioni Monicah alikwenda ofisini kuomba uhamisho wake usogezwe hadi Desemba. Baada ya hapo hatujui, na sitawadanganya.

Sista Immaculate, pwani hii haikukutendea ulivyoitendea. Ahsante, na utuwie radhi. Tunakuombea mvua ya kiasi, majirani wema, na nyumba ambayo hakuna atakayeigusa. Jumanne ijayo Monicah atakuwepo kitini, na Jumanne itakayofuata. Mpaka Desemba, dada yetu, unaweza kulala.